Kamera Sebuleni kwa Mama

Kwenye mlango wa makao ya wazee ninakofanya kazi, hapa Brooklyn Park, Minnesota, pana bango linalomwarifu kila anayeingia kwamba huenda ndani mna vifaa vya kurekodi picha na sauti. Wakisii wengi wa jimbo hili tunaishi kwa kazi ya kutunza wazee, na bango la namna hiyo tunalipita kila zamu. Limetokana na sheria ya Minnesota iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Familia inaruhusiwa kuweka kamera chumbani mwa mzee, lakini mzee mwenyewe akubali kwanza, kwa maandishi. Akiwa na mwenzake chumbani, naye pia akubali. Mzee ana haki ya kuweka masharti: kamera izimwe anapovuliwa nguo, anapooshwa, anapozungumza na wakili au mchungaji wake. Hata yule ambaye kumbukumbu zimemtoka, mwakilishi anayesaini kwa niaba yake sharti kwanza amweleze kifaa ni cha aina gani na picha zitaonwa na nani. Mzee akikataa, basi.

Kwetu Kenyenya, nchini Kenya, mambo huenda kwa njia nyingine. Watoto walio ng'ambo wanachanga pesa, fundi anakuja na ngazi yake kutoka Kisii mjini, na kufikia jioni kamera zimefungwa: moja langoni, moja kwenye zizi la ng'ombe, moja sebuleni, na pengine moja inayoelekea nyuma ya nyumba, kwenye bafu la nje. Laini yenye bando inatiwa, programu inapakuliwa kwenye simu za watoto wote, kisha mama anaambiwa kwamba sasa yuko salama.

Hofu inayotusukuma ni ya kweli. Mama ana sukari, anaishi na msichana wa kazi tu, na akianguka njiani kwenda kuuza majani chai, sisi huku tutapata habari usiku wa manane. Ng'ombe huibwa. Simwoni mtoto anayefunga kamera kuwa mtu mbaya. Ninachouliza ni kwa nini mgeni ninayemwogesha Minnesota ana sauti ambayo mama mzazi hapewi.

Na sisi Abagusii, yaani Wakisii, si watu wasiojua mipaka. Chinsoni, miiko yetu ya heshima, zimetulea: mwana aliyetahiriwa haingii mahali wazazi wanapolala, na mkwe hujitenga na wakwe zake kwa heshima. Leo mkwe huyohuyo, akiwa kitandani Minneapolis, anaweza kufungua simu akamsikia mama mkwe akikohoa, akisali, akilalamika kwamba mgongo unamuuma. Hajavuka kizingiti kwa mguu, ila amevuka.

Sheria ya Kenya haitatusaidia sana hapa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina meno: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kampuni ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu ambao hawakuridhia. Lakini sheria hiyo imeziacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani. Ndani ya boma, mpaka utawekwa na sisi wenyewe.

Tukumbuke pia kwamba wanaotazama si watoto peke yao. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki Ring, kampuni ya kamera iliyo chini ya Amazon, ikisema kwamba iliwaruhusu wafanyakazi kutazama video za wateja, zikiwemo za vyumba vya kulala na bafu. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Picha ikishatoka nyumbani kwenda kwenye hifadhi ya kampuni, mama hana namna ya kujua nani ameifungua.

Nyumbani kwetu tulimpigia mama, tukamweleza kila kamera itaona nini. Langoni na zizini alikubali mara moja. Sebuleni alikataa. "Hapo ndipo wenzangu wa kikundi huja kunieleza ya nyumbani kwao, mwanangu. Wao nani amewauliza?" Hakuwa amesoma sheria ya Minnesota, na jibu lake lilifika palepale inapozungumza kuhusu mwenzako wa chumbani. Kwa dawa, dada yangu humpigia simu kila asubuhi. Kwa kuanguka, kuna saa za mkononi zinazotambua mtu ameanguka na kupiga simu. Tangu 2018 Apple Watch hufanya hivyo. Hazihitaji kumwona akila.

Fundi akimaliza, badilisheni neno la siri siku hiyohiyo, maana aliyeifunga kamera anaweza kuendelea kuifungua. Na yule msichana wa kazi azungushwe bomani, aonyeshwe kila kamera ilipo na inaona wapi, kabla hajaanza kazi. Mimi nafanya kazi kama yake, na kabla sijaingia zamu bango limeshaniambia.