Nywele za Mtoto, Kati ya Bibokoboko na Ziwa

Juma hili tunawapandisha Bibokoboko, kisha tunashuka tena pamoja mpaka ziwani Baraka. Wengi wetu njia hiyo tunaijua kwa miguu yetu. Ambaye hajaipanda, akaze kitenge.

Tuliipanda miaka michache kabla ya 2021, kwa mwaliko wa wamama wa huko. Tulitoka Baraka kabla ya jua, kila mmoja na kifurushi cha ndakala na chumvi, maana ugenini hauendi mikono mitupu. Chini kulikuwa na joto la ziwa na michikichi. Kadiri tulivyopanda, michikichi ilibaki nyuma, upepo ukaanza kuuma masikio, na kabla ya kufika kila mmoja alikuwa na vitenge viwili, kimoja kiunoni na kingine mabegani. Ukigeuka unaona Ziwa Tanganyika limelala kule chini, na rasi ya Ubwari imejinyoosha ndani ya maji kama mkono wa mtu aliyesinzia. Mbele yako ni majani na ng'ombe.

Walitupokea kwa maziwa. Wamama wa Kibembe na wa Kinyamulenge tulikaa kwenye mkeka mmoja, wengine tukifasiriana, wengine tukielewana kwa Kiswahili chetu hiki cha sokoni. Tuliwatazama watoto. Nywele zao zilikuwa nyeusi, nzito, zinang'aa, kwa sababu mama zao walizipaka samli ya ng'ombe. Mmoja wetu alikunja pua kwa harufu yake. Mwenyeji akamwuliza kama mawese yake ya Baraka yananukia maua. Tulicheka mpaka maziwa yakamwagika.

Jambo jingine tuliloliona: wale watoto hawakujua kuogelea. Kijito cha mlimani ni baridi, mtoto anaingiza mguu, anapiga kelele, anatoka. Kuoga kwao ilikuwa beseni na maji yaliyopashwa moto.

Oktoba 2021 vita vilifika Bibokoboko. Hatutavisimulia hapa, waliovipita wanalisoma gazeti hili pia. Watu walishuka Baraka na walichoweza kubeba, na ng'ombe hawabebeki. Kati yao tulimtambua mama aliyetumiminia maziwa siku ile. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne hivi, na mimba kubwa.

Mtoto huyo alilipenda ziwa. Kwa majuma machache wenzake wa Baraka walikuwa wamemfundisha kuogelea, na asubuhi mpaka mchana hakutoka majini. Baada ya miezi, mdogo wake akiwa amekwisha kuzaliwa, nywele zake zikaanza kubadilika. Kwanza hudhurungi, halafu rangi ya ndevu za mahindi. Mama yake akasema ni ziwa limezifubaza. Sisi tukakubali.

Hatukukubali kwa ujinga mtupu. Maji ya Tanganyika hayafanani na maji ya mvua. Yana chumvichumvi kidogo na yana ukali unaofanana na ule wa magadi, ingawa ni mdogo. Maji ya namna hiyo huufanya unywele uwe mkavu na mgumu kuchana. Juu ya maji hayo kuna jua letu, na jua hufifisha rangi ya nywele kama linavyofifisha kitenge kilichosahauliwa kwenye kamba. Tena tulikuwa na barua ya dada yetu mmoja aliyehamia Marekani. Watoto wake huko wanaogelea kwenye bwawa la shule, na alilalamika kwamba nywele zao zimekuwa hudhurungi na zinakatika kama nyasi za kiangazi. Bwawa hilo hutiwa klorini, ndugu wa javeli tunayofulia mashuka. Kila mama anajua javeli inavyoifanya nguo nyeusi.

Kwa dada huyo shauri lilikuwa rahisi, na tunaliandika kwa ajili ya wenye jamaa huko ng'ambo, au wanaowapeleka watoto kwenye bwawa la hoteli Bujumbura. Kabla mtoto hajaingia, lowesha nywele zake kwa maji safi, kwa sababu unywele ulioshiba maji hauwezi kunywa mengi tena. Paka mafuta kidogo juu yake, suka, vika kofia ya kuogelea. Akitoka tu, suuza kwa maji mengi, wala usingoje jioni. Wazungu wenye nywele za dhahabu wana taabu zaidi: zao hugeuka kijani, na wengi hulaumu klorini, lakini ni shaba iliyomo majini inayoshika nywele. Nywele iliyokwisha kupauka hairudi kuwa nyeusi yenyewe. Unaitunza kwa mafuta isikatike, ukingoje nyingine iote.

Basi tulimpa mama wa Bibokoboko shauri hilohilo. Suuza kwa maji ya mvua, paka mawese. Mmoja wetu alileta hata dawa ya kutia nywele weusi, ile ya watu wazima. Mama akaikataa, akasema mtoto ni mdogo, na dawa ile inamwasha hata mtu mzima. Alikuwa na akili kuliko sisi.

Aliyetuzindua ni bibi mmoja mzee anayeuza ndakala ufukweni. Alituuliza swali moja: huyo mtoto anaogelea lini? Tukatazamana. Kweli, alikuwa ameacha. Kwa zaidi ya mwezi alikuwa anakaa tu kwenye mchanga, amenuna, wenzake wakimwita haendi. Na nywele zilikuwa zimezidi kufifia. Kama ni ziwa lililozifubaza, mbona ziliendelea yeye akiwa nchi kavu?

Tulimwita, tukamtazama kama tulivyopaswa kumtazama mwanzoni. Nywele zinazofifishwa na maji na jua huanzia nchani, kwa sababu ncha ndiyo iliyokaa juani muda mrefu. Shinani hubaki nyeusi, na ukivuta, mtoto atalia. Za mtoto huyu zilikuwa zimefifia tangu shina. Zilikuwa nyembamba, zimelala, na mama yake alipovuta kidogo zilitoka na mtoto hakushtuka. Bibi akainama, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu mmoja, akahesabu taratibu mpaka tatu, akaachia. Shimo likabaki. Mguu wa pili vilevile.

Ilikuwa bwaki. Ndivyo wengi wanavyoiita hapa Kivu. Waganga wanasema kwashiorkor. Jina hilo limetoka lugha ya Kiga ya Ghana. Daktari mwanamke, Cicely Williams, aliuandika ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitumia jina walilompa wamama wa huko: ugonjwa wa mtoto anayepishwa mdogo wake anapozaliwa. Wamama wale walikuwa wameliona kabla ya daktari. Na kwetu si jambo geni: huko Lwiro, kaskazini ya Bukavu, waganga wameuchunguza ugonjwa huu tangu wakati wa Wabelgiji.

Mama alilia, akisema mtoto wake alikula kila siku. Ni kweli, alikula. Alikula bugali wa muhogo asubuhi na jioni, na sombe ikipatikana. Tumbo lilijaa. Lakini kule juu alikuwa amezoea maziwa na maharagi, na muhogo peke yake hauna cha kujengea mwili wala nywele. Ndakala walikuwa mbele ya macho yake, wameanikwa ufukweni, lakini ndakala wana bei. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo: tulimchagulia mafuta ya kichwani, hakuna aliyemwuliza sufuriani mna nini.

Kwenye kituo cha afya mganga alimpima mkono kwa utepe. Chini ya milimita 115 ni wekundu, kutoka 115 hadi chini ya 125 ni manjano, zaidi ya hapo ni kijani. Wake ulionyesha manjano, na mama akapumua. Mganga akamwambia asipumue bado: miguu yote miwili ikivimba hivi, utepe usimdanganye, mtoto yuko hatarini. Wamama, mlishike hilo, maana uvimbe humfanya mtoto aonekane mnene, na majirani humsifu. Mtoto aliyevimba na anakataa kula hulazwa hospitalini siku hiyohiyo. Huyu alikuwa bado anakula, hivyo walimpa dawa na pakiti za karanga zilizosagwa pamoja na unga wa maziwa, sukari, mafuta na vitamini, za kula nyumbani kwa kipimo. Pakiti hizo si za kugawa kwa watoto wote wa nyumba, ingawa tunajua ilivyo ngumu mmoja kula na wengine wakitazama. Sisi tulichanga soya, mtama na mahindi ili mama apike uji kwa wengine, akiutia unga wa ndakala waliopondwa.

Hapa tuseme neno juu ya watoto wenye ualbino, kwa sababu kuna mama alituuliza kama nao wana bwaki. Hapana. Wao wamezaliwa na nywele nyeupe au za manjano, na hakuna cha kurudisha. Wanachohitaji ni kofia pana, mikono mirefu, na wacheze majini asubuhi na mapema au jua likipungua, maana jua la saa sita linawaunguza kichwa na ngozi. Miguu yao ikivimba, hapo wapelekeni kama mtoto mwingine yeyote.

Uvimbe wa mtoto wetu ulishuka katika majuma ya kwanza. Nywele hazina haraka hivyo. Huota kama sentimita moja kwa mwezi. Tulimwomba mama asimnyoe, tupate kuona. Mwezi wa kwanza hatukuona kitu. Wa pili ukaonekana weusi kwenye shina, chini ya ile rangi ya mahindi, na wa tatu weusi ulikuwa mpana kuliko kidole cha mama yake, alioupima mbele yetu kila Jumapili baada ya ibada. Kichwa kilikuwa na rangi mbili kama bendera. Waganga wenyewe huiita hivyo, ishara ya bendera.

Siku aliyomaliza matibabu mama alimpeleka kwa kinyozi, akasema ile rangi ya juu iondoke yote. Kinyozi akakata, nywele za mahindi zikaanguka chini, kichwa kikabaki cheusi. Mama akatoa kichupa kidogo cha samli alichotumiwa na jamaa, akampaka. Tulipofika nyumbani kumpongeza hatukumkuta mtoto. Alikuwa ziwani tangu alipotoka kwa kinyozi, na samli yote ilikuwa imekwenda na maji.