Kaptura Iliyopigwa Pasi

Hadithi yangu ya kwanza ya kejeli ilimhusu Mzungu aliyekuja kwetu Mbuji kununua kahawa. Nilimpa pua ndefu, watoto wakaanika kahawa juu yake. Nikamtumbukiza kwenye shimo la ngoro, naye akadhani ni kaburi la mfalme. Washikaji walicheka mpaka machozi. Nikajiona mwandishi.

Siku hizo babu mzaa mama, mtu wa Liuli kule ziwani, alikuwa amekuja kututembelea. Nikamsomea. Hakucheka.

"Huyu Mzungu umemwona wapi?"

"Ni kejeli, babu. Lazima nitie chumvi."

"Chumvi inatiwa kwenye mboga, mjukuu wangu. Mboga yenyewe iko wapi?"

Ujanani babu alicheza mganda. Ngoma hii ilienea ukanda wa Ziwa Nyasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Watu waliliona gwaride la wakoloni, wakaligeuza ngoma: kaptura nyeupe, soksi hadi magotini, filimbi, mistari iliyonyooka. "Hatukumcheza Mzungu mjinga," alisema. "Tulipiga pasi kaptura kumshinda yeye." Nikamuuliza kama walikuwa wakimcheka au wakimtamani. Akajibu, "Vyote viwili." Ndugu msomaji, jibu hilo halimo popote katika hadithi yangu.

Kisha akanikumbusha kisa cha kwao. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen. Agosti 1914 nahodha Mwingereza, Rhoades, alifika na meli yake Guendolen, akaipiga mizinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake, Berndt, alikuwa mnywaji mwenzake, na habari za vita hazijamfikia. Basi akapanda mtumbwi, akamfuata rafiki yake kumfokea. Akakamatwa mateka! Ningekibuni mimi, mngesema nimezidisha. Lakini vita ya marafiki hao iliua maelfu kwa maelfu ya wapagazi Waafrika, kwa njaa na maradhi. Ukiviweka viwili hivyo pamoja, huhitaji kuongeza pua.

Sisemi tusitie chumvi. Katika Murogi wa Kagogo (2004), Ngugi wa Thiong'o ana waziri aliyekwenda kupasuliwa masikio yawe makubwa ili amsikilizie Mtawala. Ana pia tajiri anayeugua kwa kutamani kuwa mweupe, hata maneno yanamkwama kooni. Ugonjwa huo huwezi kuukuta kwenye cheti cha daktari, lakini kila mtaa unaouza mkorogo unaujua. Chumvi imekolea kwa sababu mboga ipo.

Usiku, tukiota moto, babu akaniuliza tena. "Yule Mzungu wa kweli, aliyekuja mwaka juzi kuangalia ngoro. Siku ya kwenda Mbinga, kiti cha mbele alikaa nani?"

Nikanyamaza. Alikuwa amekaa mama mdogo, mjamzito wa miezi saba. Mimi ndiye niliyemwinua. Nilimwambia apande nyuma, kwenye magunia ya kahawa, ili mgeni apate nafasi. Mgeni mwenyewe hakuomba. Alisimama tu kando ya gari, nami nikamfungulia mlango nikimwita bosi. Mama mdogo hakusema kitu. Alikunja khanga yake, akaikalia.

"Mbona hilo hukuliandika?" babu akauliza.

Kwa sababu nilitaka kumcheka Mzungu, na katika kisa hicho wa kuchekwa ni mimi. Ile pua ilinisaidia kujificha.

Nimeifuta. Hadithi mpya ina gari, kiti cha mbele, na kijana anayefuta kiti kwa shati lake kabla mgeni hajakaa. Hapo kwenye shati ndipo nilipotia chumvi, tena kidogo. Nimewasomea washikaji wale wale. Safari hii kicheko kilikuwa kifupi. Mmoja akanifuata baadaye, pembeni, akaniuliza kama yule kijana ni yeye.