Tafakari ya Wiki: "Huganda Lini, Baba?"



Wapendwa katika Bwana, wiki hii nilikusudia kuwaandikia juu ya masomo ya Dominika, lakini limetokea jambo katika ofisi yetu ya parokia ambalo limenihubiria mimi kabla sijawahubiria ninyi. Linahusu kompyuta. Naomba mnivumilie, kwa maana mwisho wake ni maungamo.

Ninyi mliowahi kufika ofisini kutafuta cheti cha ubatizo mnaifahamu kompyuta yetu ya mezani. Tuliipokea mwaka 2011, ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Mwezi Juni mwaka jana karani wetu alianza kunakili ndani yake vitabu vyetu vya ubatizo, akianza na kile cha kwanza kabisa, ambacho kurasa zake zimeanza kumeguka pembeni. Si kazi ndogo. Sheria ya Kanisa, Kanuni ya 535, inaidai kila parokia iwe na kitabu cha wabatizwa, cha ndoa na cha marehemu. Inaagiza pia kwamba katika kitabu cha wabatizwa yaandikwe kipaimara cha mtu na yale yanayogusa hali yake katika Kanisa: ndoa, daraja takatifu, nadhiri za daima. Kwa hiyo mstari mmoja wa kitabu kile ni maisha ya mtu mzima, na karani wetu alikuwa akiyapitisha maisha hayo mkononi mwake, mstari kwa mstari, kila alasiri watu walipopungua.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, kompyuta ikaanza kuganda. Kishale hakisogei, kibodi haijibu, hata saa iliyo pembeni ya kioo inasimama. Hapakuwa na dawa ila kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike, kisha kuanza tena, na yale yaliyokuwa hayajahifadhiwa yakapotea.

Jumamosi moja ofisi ilikuwa imejaa. Binti mmoja alikuwa amesafiri kwa basi tangu alfajiri kuja kuchukua cheti chake, kwa ajili ya kuandikisha ndoa katika parokia ya mchumba wake. Kompyuta iliganda mara tatu akiwa amekaa pale. Nikatoka chumbani mwangu, na mbele ya watu wote nikamwambia karani, "Mama, ni hizo flashi za wanakwaya. Nimekukataza mara ngapi? Umetujazia virusi." Alijibu, "Samahani, Baba," akachukua kalamu, akamwandikia yule binti cheti kwa mkono, kwa hati nzuri kuliko ya mashine.

Wiki ile niliwapiga marufuku wanakwaya kuchapa nyimbo zao ofisini. Nikaweka programu ya kuzuia virusi. Haikupata kitu, na kompyuta ikaendelea kuganda. Nikaamua kuufuta mfumo endeshi wote na kuuweka upya mimi mwenyewe, maana nilipata kujifunza kidogo nilipokuwa masomoni. Karani akanifuata mlangoni. "Baba, kabla hujafuta, tungenakili kwanza zile kurasa za ubatizo." Nikamjibu kwamba ninajua ninachofanya. Usiku ule, nikiwa nimechoka na nina haraka ya kumaliza, nilikubali kila swali ambalo mashine iliniuliza. Mojawapo lilikuwa la kuifuta diski yote.

Kazi ya miezi kumi na mmoja ilitoweka kwa kitufe kimoja. Vitabu vyenyewe, Mungu ashukuriwe, vilikuwa salama kabatini. Lakini macho ya mama yule, mgongo wake na alasiri zake zote havikuwa na nakala. Nilipomweleza asubuhi alinyamaza kitambo. Kisha akakifungua kitabu cha kwanza na kuanza tena ukurasa wa kwanza. Kabla ya saa sita mchana, kompyuta ikaganda.

Ndipo nikamwita fundi, kijana wa mojawapo ya jumuiya zetu ndogondogo. Nilimpokea kwa maelezo marefu kuhusu virusi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Huganda lini, Baba?"

Nikasema, "Kila wakati."

"Asubuhi zaidi au mchana? Mkiwa mmeiwasha kwa muda gani? Ilianza lini hasa?"

Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa nimeikasirikia kwa majuma mengi bila kuitazama hata siku moja. Karani ndiye aliyefungua mtoto wa meza na kutoa daftari la shule. Humo alikuwa ameandika kila mara kompyuta ilipoganda: tarehe, saa, kazi aliyokuwa akifanya, na hali ya hewa. Fundi alikaa akalisoma kama daktari asomaye kadi ya mgonjwa. Asubuhi mashine iliganda baada ya dakika ishirini au zaidi. Alasiri, dakika kumi. Siku za mvua na baridi ilikaa hata saa nzima. Flashi za kwaya hazikuhusika, kwa maana iliganda vilevile siku ambazo hakuna aliyeleta flashi. Na tarehe ya kwanza katika daftari ilikuwa siku nne tu baada ya sanduku kuletwa.

Hilo sanduku, wapendwa, ni langu. Baada ya Pasaka nilimwagiza seremala atengeneze sanduku la mbao lenye kufuli ili kukinga kompyuta na vumbi la barabara na mikono ya wezi. Nililifurahia sana. Halikuwa na tundu ila la kupitishia nyaya.

Fundi alilifungua, akatuonesha. Feni ndogo iliyo juu ya prosesa ilikuwa imefunikwa na vumbi zito kama pamba. Ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea, ili joto lipite, ilikuwa imekauka na kuwa ungaunga. Mashine ilikuwa tayari inahema kwa shida kutokana na uzee wake, nami nikaifungia ndani ya sanduku ikivuta tena joto lake yenyewe. Kipimo cha ndani kilionesha nyuzi 96. Aliitoa, akapeperusha vumbi, akapangusa, akapaka dawa mpya. Kipimo kikashuka hadi 58.

Nikamgeukia karani. "Mama, ulijua ni sanduku. Mbona hukuniambia?"

Akajibu kwa upole, "Nilikueleza, Baba. Ulisema sanduku ni la usalama."

Kweli alinieleza. Nilikuwa nimesahau, kwa sababu sikuwa nimesikia.

Siku ya tatu kompyuta iliganda tena, asubuhi na mapema, ikiwa baridi. Mimi nilikuwa tayari kumlaumu fundi. Yeye alisema tu, "Huu ni ugonjwa wa pili, Baba. Tungebadilisha vitu vyote kwa pamoja tusingejua kipi kimepona." Safari hii hakugusa kitu mpaka alipohakikisha kwamba kurasa zilizoandikwa upya zimenakiliwa kwenye diski ya nje. Kisha alichomoa vipande viwili vya kumbukumbu, akavisafisha meno kwa kifutio cha penseli, akarudisha kimoja tu. Tukakitumia siku mbili. Akakitoa, akaweka cha pili. Cha pili ndicho kilichokuwa kibovu. Sasa mashine inafanya kazi kwa nusu ya kumbukumbu yake, polepole kama mzee apandaye ngazi, lakini ni wiki ya tano haijaganda. Ametuonya kwamba diski nayo imeanza kuonesha dalili za kuchoka. Kwa hiyo kila Ijumaa karani hunakili kazi yake, na nakala hiyo hukaa katika nyumba ya mapadre.

Mpendwa msomaji, nimelifikiria sana lile daftari. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichochapwa mwaka 1548, anamshauri mtu anayetaka kushinda kosa fulani atie alama ya nukta kila anapoanguka, kisha alinganishe mchana na jioni, siku na siku, juma na juma. Seminarini tulifundishwa jambo hilo, nami nimewafundisha wengine. Lakini kwa muda mrefu kutafiti dhamiri kwangu kumekuwa kusema, "Ee Bwana, mimi ni mwenye hasira," basi, nikalala. Hasira lini? Saa ngapi? Mbele ya nani? Sikuuliza. Ningeandika kama karani alivyoandika, ningeona kwamba hukasirika zaidi Jumamosi, nikiwa na watu wengi na homilia haijaandaliwa. Ningeona pia kwamba nikikosa subira, wa kwanza kuumia ni yule ambaye hawezi kunijibu.

Bwana wetu alisema juu ya kibanzi katika jicho la ndugu na boriti katika jicho la mtu mwenyewe. Boriti yangu ilikuwa ya mbao kwelikweli, na nilimlipa seremala.

Jumamosi iliyofuata, ofisi ikiwa imejaa tena, nilimwomba karani msamaha mbele ya watu, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Haikuwa rahisi. Sauti yangu ilitetemeka kuliko siku ya homilia yangu ya kwanza. Yeye aliinamisha kichwa na kusema, "Yamekwisha, Baba." Lakini kazi yake haijaisha, na msamaha bila malipizi ni maneno matupu. Kwa hiyo kila jioni baada ya Masifu ninakaa kwenye kiti chake na kunakili kurasa mbili. Tumefika mwisho wa kitabu cha kwanza. Wanakwaya nao wamerudi, na flashi zao.

Juma hili nawaalika kila mmoja atafute daftari. Chagua jambo moja tu linaloganda nyumbani mwako, kati yako na mwenzi wako, au mtoto, au jirani. Kabla ya kumtaja mkosaji, andika: lini, wapi, baada ya nini. Kisha muulize yule ambaye hukumsikiliza. Huenda alikwisha kukueleza.

Nawatakia Dominika njema. Mtuombee sisi mapadre wenu.

Wenu katika Kristo,
Paroko