Kamioneti yetu ya kuvuta

Kamioneti yetu imezeeka. Miaka mingi imevuta remoriki ya mihogo na mbao kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira. Mama wa watoto wetu alishauri tununue nyingine. Sisi tulihesabu feza, tukasita. Ndipo fundi akatuonyesha shasi: penye kulabu ya remoriki imeliwa na kutu, tena ina ufa. Injini hutengenezwa, breki hubadilishwa. Lakini mteremkoni mzigo husukuma gari, na kulabu ikikatika, remoriki itawaangukia wapita njia. Tulikuwa tumehesabu feza yetu tu, watu wale hatukuwahesabu. Basi tumeamua: haitavuta tena, nasi tunaweka akiba ya kununua nyingine. Imetutumikia vema, lakini shukrani isitufumbe macho.