Kwangu Inafanya Kazi

Picha ile ilinifikia Jumatano asubuhi, kwa njia ndefu. Mgonjwa alimpigia nesi, nesi akampigia rafiki yangu niliyesoma naye chuo, rafiki yangu akanitumia mimi. Ilikuwa SMS ya kawaida kabisa: "Habari mama. Dawa yako ya leo ni saa 11:00 jioni." Chini yake rafiki yangu aliandika maneno matatu tu: "Kaka, hii nini?"

Dawa ya mama yule ilikuwa ya saa 2 usiku. Ni dawa ya presha, na kwa mwaka mzima alikuwa akiinywa baada ya taarifa ya habari. Siku ya kwanza alitii ujumbe, akainywa saa 11. Siku ya pili akashika simu na kuuliza kama daktari amembadilishia saa bila kumwambia.

Rafiki yangu ndiye aliyeitengenezea zahanati hiyo programu ya kuwakumbusha wagonjwa. Lakini kipande kinachogeuza saa ya kompyuta kuwa saa ya Kiswahili kilikuwa chetu, mimi na mwenzangu mmoja anayeishi Eldoret. Tumekiandika kwa miaka mitatu sasa, kwa hiari, kama programu huria: yeyote anaweza kukichukua, kukisoma na kukirekebisha. Watu hudhani ni suala la kutoa sita. Ijaribu uone. Saa 10 ni ya alasiri au ya jioni? Tuligombana wiki nzima kwa hilo. Alfajiri inaishia wapi? Na "usiku wa kuamkia Ijumaa", ambao bibi yangu anaujua bila kufikiri, kwa kalenda ya simu bado ni Alhamisi mpaka itimie saa 6 usiku.

Nilipochimba nilikuta chanzo. Wiki mbili nyuma mwanafunzi mmoja, mchango wake wa kwanza kabisa kwetu, alileta mabadiliko yaliyofupisha msimbo vizuri sana. Mistari kumi na minne ikawa minne. Ila ile njia yake fupi iliacha kutaja kanda ya saa, ikawa inafuata saa ya kompyuta yoyote inayoiendesha. Nilisoma, nikafurahi, nikaendesha majaribio kwenye kompyuta yangu, yote yakapita, nikapokea. Kompyuta yangu ipo Dar es Salaam. Seva ya zahanati ilikuwa imekodiwa Ulaya na saa yake imewekwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Saa 20 ikasomwa 17, na saa 2 usiku ikawa saa 11 jioni.

Sasa nifike kwenye sehemu nisiyopenda kuisimulia. Badala ya kumwandikia yule kijana pembeni, nilimjibu palepale kwenye mabadiliko yake, mahali ambapo kila mtu anasoma: "Hivi ulijaribu kabla ya kuleta? Kuna watu wanakunywa dawa kwa kutegemea hii." Alijibu sentensi moja. "Kwangu ilifanya kazi, kaka." Baada ya hapo kimya.

Na alikuwa anasema kweli. Kwake ilifanya kazi. Kwangu pia. Mwenzangu wa Eldoret aliiendesha kwake ikapita. Sote watatu tunaishi ndani ya saa moja, na tulikuwa tunaulizana sisi kwa sisi kama saa ni sawa.

Jioni hiyo mwenzangu alinipigia. Hakunilaumu, jambo lililoniuma zaidi. Akasema, "Boss, sisi tunahitaji CI. Tumeahirisha vya kutosha."

Kwa asiyeijua: CI ni mashine ya pembeni ambayo, kila mtu anapoleta mabadiliko, huchukua msimbo wote, huujenga upya mahali patupu, huendesha majaribio yote na kutoa jibu. Alama ya vema ya kijani, au alama nyekundu ya kukosa. Miradi mikubwa haiwezi kuishi bila hiyo. Sisi tulijiona wadogo mno.

Mimi nilitaka Jenkins, na sababu zangu zilikuwa za moyoni kuliko za kiufundi. Nina kompyuta ya zamani ya mezani chini ya kitanda, na Jenkins unaiweka mwenyewe, kwenye mashine yako, hakuna wa kukufungia. Hata historia yake naipenda. Kohsuke Kawaguchi aliianza mwaka 2004 akiwa Sun Microsystems, ikiitwa Hudson. Oracle ilipoinunua Sun ukazuka ugomvi juu ya nani mwenye jina, na mwaka 2011 jumuiya ikapiga kura, ikaliacha jina na kuondoka na msimbo. Nani asiyependa kisa kama hicho?

Mwenzangu alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza umeme ukikatika mtaani kwangu itakuwaje, na nani atalipia bando, na siku nikiumwa nani ataiwasha. Niliyajibu yote vibaya. Halafu akauliza swali la mwisho: "Na hiyo kompyuta ya chini ya kitanda, saa yake umeiwekaje?"

Nilinyamaza. Saa yake ilikuwa ya Dar. Kosa lilelile lingepita mbele yake, nayo ingeweka alama ya kijani.

Basi tukageukia huduma za mtandaoni. Ya kwanza tuliyojaribu ilikataa kuendesha chochote mpaka tuweke kadi ya benki, ingawa ilijitangaza kuwa ya bure. Kadi yangu ilikataliwa mara mbili. Mwenzangu hana kadi kabisa, ana namba ya simu yenye pesa ndani, na fomu haikuwa na nafasi ya kitu kama hicho. Baadaye nilielewa sababu. Watu walikuwa wakifungua akaunti za bure kwa wingi ili kuchimba sarafu za kidijitali kwa mashine za wenyewe, na huduma kadhaa zikaamua kudai kadi kama uthibitisho wa utu. Siwalaumu sana kwa kujilinda. Ila mwizi ana kadi, mwenzangu hana.

Mwenzangu alikuwa na hofu nyingine, na hiyo ilinichukua muda kuielewa. Aliwahi kuchangia mradi uliotumia Travis CI. Travis ilianza Berlin mwaka 2011 na ikawa kama desturi: ukiwa na programu huria, majaribio yako yanaendeshwa bure, na kialama chao unakiweka juu kabisa ya maelezo ya mradi. Mwaka 2019 ikanunuliwa na kampuni ya Marekani, Idera. Novemba 2020 ikatangaza utaratibu mpya wa malipo, na Juni 2021 tovuti ya zamani iliyohudumia miradi huria ikafungwa. Miradi mingi mno ilibidi ihame. Kuhama kwenyewe ni nini? Ni kukaa usiku na faili la maelekezo lililoandikwa kwa lugha ya mwenyeji wa zamani na kulitafsiri, mstari kwa mstari, kwa lugha ya mwenyeji mpya, na watu wengi wa kazi hii wana usingizi wao mchana mmoja tu wa wiki.

Kwa hiyo hakutaka tutumie GitHub Actions, ingawa msimbo wetu tayari uko GitHub na majaribio ya miradi ya wazi huko hayalipiwi. "Leo bure," alisema. Alipendelea Codeberg, shirika lisilo la faida la Ujerumani, na Woodpecker, CI ndogo ambayo yenyewe ni programu huria. Nami nikasema wachangiaji wetu, wanafunzi wale, wako GitHub. Tukihama nusu yao hawatatufuata. Tulibishana siku nne, kwa jumbe za sauti, nyingine za dakika saba. Katikati ya moja jogoo wake anawika na anaendelea kuongea tu.

Suluhu ilikuwa ya kijinga kwa urahisi wake. Kila kitu cha maana tumekiweka kwenye faili letu wenyewe, jaribu.sh, linaloendeshwa kwa amri moja kwenye kompyuta yoyote. GitHub Actions imepewa mistari michache tu inayosema: chukua msimbo, endesha jaribu.sh. Siku wakidai pesa au kadi, tunabeba faili letu na kuandika hiyo mistari michache kwa mwenyeji mwingine. Mwenzangu alikubali, kwa sharti kwamba kila mwisho wa mwezi aiendeshe Woodpecker kwenye mashine yake, kuhakikisha mlango wa kutokea bado unafunguka. Anafanya hivyo mpaka leo. Mimi ningeshaacha.

Ndani ya jaribu.sh majaribio yote hurudiwa katika kanda nne za saa. UTC, bila shaka. Kisha Kiritimati, saa 14 mbele ya UTC, ambako kesho hufika mapema kuliko mahali pengine popote. Kisha St. John's ya Kanada, yenye ile nusu saa yake ya ajabu. Na ya kwetu. Hapo pia tulipata la kuchekea: kwenye hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani, Dar es Salaam ni jina la pembeni tu linaloelekeza Nairobi. Mwenzangu alinitumia mstari huo bila neno lolote.

Mara ya kwanza tulipoiwasha kwa msimbo ule wa awali, ule uliovunja ujumbe wa zahanati, majaribio yalianguka katika kanda tatu kati ya nne. Ilichukua sekunde 52. Nilikaa nikitazama ile alama nyekundu. Haikuuliza nani kaandika wala kama alijaribu. Ilisema tu: nilitarajia saa 2 usiku, nimepata saa 11 jioni. Kijana yule angeiona ndani ya dakika moja, angerekebisha mstari mmoja, na mimi nisingekuwa na la kumwandikia zaidi ya asante.

Nilimwandikia. Niliomba radhi palepale nilipomsema, ili waliosoma lile wasome na hili. Nikaeleza kwamba aliyepokea mabadiliko yale ni mimi, na kwamba kumwachia mtu mgeni kazi ya kujua seva za Ulaya zinasema saa ngapi ilikuwa uzembe wangu. Siku tisa zikapita. Kisha: "Sawa kaka, hamna shida." Hajaleta kitu tena tangu hapo.

Jaribio linalolinda saa 2 usiku ya mama yule lipo la kwanza kwenye faili. Mwenzangu ndiye aliyelipa jina, bila kuniuliza: kwangu_inafanya_kazi. Huwa nalisoma kila linapopita, mara nne kwa kila mabadiliko.