Chuo Kisicho na Kengele

Katika shule yoyote ya Msambweni au Ukunda, kengele ina amri kuliko mwalimu mkuu. Ikilia, mwanafunzi huingia darasani hata kama moyo wake umebaki ufuoni. Ikilia tena, hutoka. Miaka ya utoto wake hupita akiongozwa na sauti ile, wala haulizwi kama apenda kujifunza au hapendi. Siku atakapojiandikisha katika chuo kikuu cha mtandaoni, ndipo atakapotambua kwamba kengele ilikuwa ikimfanyia kazi ambayo sasa hana budi kuifanya mwenyewe.

Nayasema haya kwa kuwa nimo ndani yake. Baada ya kuhitimu katika chuo cha ualimu nilifundisha miaka kadhaa, kisha nikaanza kusomea shahada kwa njia ya intaneti bila ya kuacha kazi. Njia hii imepanuka. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, kilipewa hati yake mwezi wa Agosti, 2023, nacho hufundisha kwa mtandao. Na vyuo vingine vilivyozoea kuta na madawati vimefungua mlango huo huo, hasa tangu maradhi ya Korona yalipovifunga mwaka 2020. Mwalimu wa Lunga Lunga hana haja tena ya kuvuka kivuko cha Likoni ili apate shahada.

Kusoma mbali na mwalimu si jambo jipya. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasiokaa kwake mwaka 1858. Nelson Mandela alisoma sheria kwa posta akiwa kifungoni, akapata shahada yake kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989. Lakini yeye alikuwa na muda mwingi kuliko alivyotaka. Mwalimu wa Kwale hana muda.

Wengi hulaumu mtandao. Ni kweli kwamba simu inayoshika vizuri karibu na mahoteli ya Diani yaweza kunyamaza ukipanda bara kuelekea Kinango, na bando hugharimu fedha. Walakini nimewaona waliokaa chini ya mnara wakaacha masomo mwaka wa kwanza. Mtambo wa chuo huandika saa uliyoingia na saa uliyotoka, hauandiki ulichofahamu. Mtu aweza kuiacha video iseme peke yake huku yeye anapika. Na katika uwanja wa majadiliano, ambako kila mwanafunzi hutakiwa kuchangia, kuna sentensi niliyoisoma mara nyingi kuliko jina langu: "Naunga mkono maoni ya mwenzangu." Aliyeiandika yupo, wala hayupo.

Mwalimu mmoja wa Msambweni, rafiki yangu, alifikia hali hiyo. Mchana alifundisha, jioni alilea watoto, na usiku alifungua tarakilishi macho yamekwisha. Karo ilitoka katika akiba ya nyumba, na mumewe ni mvuvi. Miezi ya kusi haina ukarimu. Katika muhula wa pili aliniambia, "Mwalimu, mimi naacha. Nasoma, lakini hakiniingii kitu. Afadhali fedha hizi zikaezeke nyumba."

Nilimwuliza ni nani anayemweleza anayoyasoma. Akasema hakuna. Sisi tuliopita madrasa utotoni twakumbuka kwamba hapana aliyepewa somo jipya kabla ya kumsomea mwalimu lile la jana. Nikamshauri atafute msikilizaji. Alimchagua mavyaa yake, bibi asiyejua kusoma, aliyekuwa uani akikuna nazi.

Somo la juma lile lilihusu Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza fikira za watoto. Akamweleza kwa Kidigo kwamba maji yakimiminwa kutoka chombo kipana kuingia chembamba, mtoto mdogo hudhani yamezidi. Bibi akaiacha mbuzi ya nazi. "Hilo silisadiki," akasema. "Mwite mjukuu wangu."

Wakatia maji ya madafu katika bakuli mbili, sawasawa, na mtoto akakiri kuwa ni sawa. Bakuli moja wakaimimina katika bilauri ndefu. Mtoto, mwenye miaka mitano, akaishika bilauri akasema hii ndiyo yenye mengi. Kaka yake wa miaka tisa akacheka: ni yale yale. Ndipo maswali ya bibi yalipoanza. Je, mtoto aliyezoea kupima mafuta dukani hatajua mapema kuliko wenziwe?

Mkwewe hakuwa na jibu. Usiku ule alirudi kwenye tarakilishi kama mtu mwenye deni, akasoma hadi akakuta uchunguzi uliotolewa mwaka 1969 juu ya watoto wa wafinyanzi nchini Meksiko, ambao waliyatambua mambo ya udongo kuliko watoto wengine. Swali la bibi lilikuwa limekwisha kuulizwa na wataalamu. Akaandika yote katika uwanja wa majadiliano, pamoja na habari za madafu. Safari hii hakuna aliyeunga mkono. Mmoja alijaribu kwa uji, mwingine kwa mchanga, wakabishana siku nne.

Sasa yumo mwaka wa tatu. Kila Jumamosi mavyaa yake humwuliza somo la juma lile limesema nini, na bilauri ile ndefu imewekwa juu ya kabati, watoto wasiifikie.