Nani Huswali Hapa?

Sisi wa Makambako tumezoea baridi, misonobari na vumbi la njia panda ya Songea na Mbeya. Familia chache za msikiti wetu zilipopanga kuwapeleka watoto pwani, baadhi yetu tuliiona safari hiyo kuwa ni israfu. Alhamdulillahi, tulikwenda.

Kutoka Dar es Salaam tulielekea Bagamoyo, kisha Kaole, kilomita chache kusini mwa mji huo. Hapo yapo magofu ya msikiti wa karne ya 13, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, pamoja na makaburi yenye nguzo. Zamani majahazi yalitia nanga karibu nao. Tope na mikoko vikaiziba bandari, biashara ikahama, watu nao wakaifuata.

Watoto walikimbilia mikokoni kutazama kaa. Walipotukuta mbele ya mihrabu isiyo na paa, binti mmoja wa miaka saba akauliza: “Nani huswali hapa?”

Tulinyamaza. Mwaka mzima kamati yetu imejadili kuupanua msikiti, ilhali Alfajiri hatujazi hata safu moja. Mihrabu ya Kaole ingali ikionyesha kibla; waliokosekana ni waumini.

Tuliwatolea salamu waliolala makaburini, tukawaombea dua, tukarejea nyumbani. Ujenzi hatujauacha. Lakini tangu turudi, twapitiana majumbani kabla ya swala ya Alfajiri, na binti yule ndiye atanguliaye kubisha hodi.